Mtoto Mwenye Hofu si Mkaidi

Kuanzia mwaka 2017 maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Kongo kuingia kaskazini mwa Zambia. Walipokelewa Kenani, wilayani Nchelenge, karibu na Ziwa Mweru. Na Januari 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala. Wengi wao walikuwa watoto waliokimbia mapigano ya wanamgambo na majeshi. Kwa mtoto wa namna hiyo, buti na bunduki havina bendera.

Hofu haikomei mpakani. Usiku huja kwa majinamizi na kukojoa kitandani; mchana kwa kutetemeka, kunyamaza ghafla, au kukimbia aitwapo. Naye mwenye usonji huweza kuziba masikio asikiapo king'ora, asimtazame mtu usoni, wala asijibu amri. Huo si ukaidi, wala si dalili ya hatia.

Kwa hiyo, askari amkutapo mtoto kama huyo barabarani au kituoni, hana budi kushusha sauti, kuelekeza mtutu chini, kuuliza neno moja na kungoja jibu. Asimtenge na mzazi wake. Mtoto aliyetulizwa ndiye awezaye kueleza aliyoyaona.

Mwaka 2019 Zambia ilitunga Sheria mpya ya Afya ya Akili, ikafuta ile ya enzi ya ukoloni. Lakini sheria haifiki yenyewe kwenye kizuizi cha barabara. Huifikisha askari.