Pikapu Ikichemka Mlimani

Pikapu zetu kuukuu, kama Peugeot 504, huchemka zikipanda milima ya Kabianga na mzigo wa majani chai. Ikichemka, tuzime injini, tungoje ipoe. Tusifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto: maji yataruka na kutuunguza uso. Ikishapoa, tuangalie maji, paipu zinazovuja, na mkanda wa feni. Ukilegea, pampu haisukumi maji vizuri.

Je, maji yanapungua na hakuna panapovuja? Tuchomoe kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya hedi imeungua. Hapo tusiwashe tena, tumwite fundi. Majani tuyahamishie gari lingine yasiharibike. Gasketi ni bei nafuu kuliko injini nzima.