Vichwa Vilituuma Sote kwa Pamoja

Haya ni mazungumzo ya muuguzi mmoja kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne mkoani Njombe. Tumeyaandika kama alivyozungumza, tukapunguza tu pale aliporudia.

Asanteni. Kaeni, kaeni. Naona wa nyuma mmejifunika mpaka masikio, na siwalaumu. Mwezi wa saba hapa Njombe hata mwalimu anaandika ubaoni akiwa na koti. Mimi ni mzaliwa wa Makete, kwa hiyo tukisema baridi tunaelewana.

Mwalimu wenu aliniomba nizungumze juu ya afya wakati wa baridi. Nikawaza, nikianza na mafua na kikohozi hawa watalala. (Vicheko.) Basi nitawasimulia safari. Mkiona nazunguka sana, vumilieni, tutafika.

Kaka yangu anafanya kazi Nyuzilandi, anaishi Christchurch na wifi na mtoto wao, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita. Julai 2018 nilikwenda kuwatembelea. Nchi ile iko kusini mwa ikweta kama sisi, ila mbali zaidi, kwa hiyo kipupwe chao kinakuja pamoja na chetu: Juni, Julai, Agosti. Na magari wanaendesha kushoto kama sisi. Kaka akakodi kampavani. Msiniangalie hivyo, nitaeleza. Chukueni Hiace ya abiria, ng'oeni viti vyote vya nyuma, wekeni kitanda, jiko la gesi la kupikia, sinki dogo, tangi la maji na hita. Ndiyo hiyo. Unaendesha mchana, usiku unalala humo humo. Nyumba yako inakufuata kama ya konokono.

Kutoka Christchurch mpaka Ziwa Tekapo ni kilomita kama 225. Ziwa lenyewe liko mita 700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Jamani, rangi ya yale maji! Sijui niwaambieje. Ni kama mtu amemimina maziwa ndani ya rangi ya bluu akakoroga. Sababu yake ni kwamba kule juu milimani kuna mito ya barafu, nayo ikishuka polepole inasaga mwamba chini yake kama kinu. Unga unaotoka ni laini kuliko sembe, unachukuliwa na maji mpaka ziwani, na huko unaelea muda mrefu bila kutua. Jua likiupiga unapata rangi ile. Kesho yake tukapita Ziwa Pukaki, nalo la rangi hiyo hiyo, na ng'ambo yake umesimama mlima Aoraki, au Mount Cook, mita 3,724. Kilimanjaro yetu ni 5,895, kwa hiyo sikujisikia mnyonge. Lakini theluji ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa. Hilo kwetu halipo.

Usiku ule wa kwanza pale Tekapo kilitokea kitu kidogo. Juu ukutani, karibu na mlango, kulikuwa na kidude cheupe cha mviringo. Usiku wa manane kikaanza kulia: pi. Kimya. Pi. Mtoto akaamka, wifi akaguna. Kaka akapanda juu ya kiti, akakichomoa betri, akakitupa kwenye droo. Tukalala. Kikumbukeni kidude hicho.

Siku iliyofuata tulivuka Lindis Pass, njia ya mlimani yenye kimo cha mita 971. Hapo nikajua barafu isiyoonekana. Barabara unaiona nyeusi, safi, unadhani ni maji tu, kumbe ni barafu nyembamba kama kioo. Inakaa kwenye madaraja na kwenye vivuli ambako jua halifiki. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kaka alikuwa anakwenda pole pole kama anasindikiza maiti, na magari nyuma yetu yakawa msururu. Mimi nikamwambia, waache wapite, sisi hatukimbizi treni.

Halafu Ziwa Wakatipu, mjini Queenstown. Lina urefu wa kilomita kama 80 na limejikunja mithili ya radi. Maji yake yanapanda na kushuka kwa kiasi cha sentimita 10, na kila mzunguko hauchukui hata nusu saa. Wataalamu wanasema maji yanayumba tu, kama kwenye karai lililoguswa. Wamaori, wenyeji wa asili, wana hadithi ya jitu lililochomwa moto likiwa limelala. Mwili uliungua ukaacha shimo, shimo likajaa maji, lakini moyo haukuungua na mpaka leo unadunda kule chini. Mtoto alipoambiwa hadithi hiyo alikaa ufukweni na jiwe lake la alama, anasubiri moyo upige. Tulimtoa pale kwa kumwahidi chipsi.

Sasa nafika Te Anau.

Ziwa Te Anau ndilo kubwa kuliko yote katika Kisiwa cha Kusini, kilomita za mraba 344, na kina chake kinafika mita 417. Kuanzia hapo barabara inaingia kwenye milima mpaka Milford Sound, kilomita kama 120, na huko ndiko kwenye maporomoko tuliyoyafuata. Julai jua linazama saa kumi na moja na dakika chache, na linachomoza baada ya saa mbili asubuhi. Usiku ni mrefu kweli kweli. Kulikuwa na uwanja wa kuegesha wenye umeme wa kuchomeka gari, na mwingine wa bei rahisi usio na umeme. Mnajua tulichagua upi. (Vicheko.)

Hita ya lile gari ilikuwa ya dizeli, lakini feni yake inataka umeme wa betri. Saa mbili usiku betri ikachoka, hita ikazimika. Nje ni chini ya sifuri. Mvuke wa pumzi zetu unaganda kwenye kioo kwa ndani. Kaka akasema, "Sisi wa Makete tunashindwaje na baridi?" Akawasha jiko la gesi, mafiga yote mawili, akabandika sufuria la maji juu. Joto likaja. Palikuwa na tundu la hewa sakafuni, upepo unapenya hapo unauma miguu. Nani aliliziba kwa taulo? Mimi. Muuguzi, miaka kumi na moja kazini.

Tulilala vizuri, utadhani tumelewa.

Sijui ilikuwa saa ngapi mtoto aliponivuta. "Shangazi, kichwa kinauma. Nataka kutapika." Na mimi kichwa kilikuwa kinagonga. Nikajisemea, mafua yameniingia. Nikajisemea, labda wale samaki wa jioni. Kila jibu lilinijia isipokuwa lile la kweli. Nikamfunga blanketi, nikamtoa nje. Akatapika. Nikamshika kama dakika kumi hivi, tunaangalia nyota, na kichwa changu kikaanza kuwa chepesi. Naye akasema anajisikia nafuu. Nikafurahi, nikafungua mlango turudi.

Lile joto liliponipiga usoni, magoti yakalegea na kichwa kikarudi pale pale. Nikasimama mguu mmoja ndani, mwingine nje. Ndani kinauma, nje kinapona. Hakuna mafua ya namna hiyo.

Nikamwita wifi. Kimya. Nikampiga kibao, akafungua macho, akafunga. Kaka aliamka lakini alikuwa anaongea maneno yasiyoeleweka, anataka kunigombeza kwa kufungua mlango. Nilizima jiko, nikafungua kila kilichofunguka, nikamshika wifi kwapani nikamburuta mpaka kwenye majani yenye barafu. Sijui nguvu nilizitoa wapi, maana mikono ilikuwa kama ya pamba. Mzee mmoja wa gari la jirani akasikia kelele, akaja na mablanketi. Akapiga 111, ndiyo namba yao ya dharura. Gari la wagonjwa lilipofika walituwekea oksijeni sote wanne. Wifi alianza kutambua watu karibu na asubuhi.

Mnajua kilichotupata? Ni hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikerezi koo. Inatoka popote moto unapowaka bila kupata hewa ya kutosha: gesi, kuni, mafuta ya taa, jenereta, na mkaa. Ndani ya damu yenu kuna chembe nyekundu, na kazi yake ni kama ya daladala, zinabeba abiria anayeitwa oksijeni kumpeleka kwenye ubongo na moyo. Monoksaidi naye anapanda daladala hiyo hiyo. Anashika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kituoni hashuki. Oksijeni inabaki stendi. Unapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo una njaa. Hata kile kibanio cha kidoleni tunachopimia oksijeni hospitali kinadanganyika, kinaona viti vimejaa kinaandika namba nzuri.

Dalili ni za kumchanganya mtu: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, usingizi. Unasema malaria. Unasema uchovu wa safari. Shika hili: kama mnaumwa kichwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na ukitoka nje unapata nafuu, hiyo si malaria.

Na kile kidude cha ukutani kilikuwa cha kutambua hewa hiyo. Ile "pi" ilikuwa inatuambia betri inakwisha. Betri mpya inauzwa dukani. Sisi tukakinyamazisha.

Mnafikiri hii ni hadithi ya Wazungu na magari yao? Nilipokuwa darasa la tano, kijijini kwetu walikutwa ndugu wawili wamekufa kitandani, mlango umefungwa kwa ndani, hawana jeraha. Watu walisema wamerogwa. Bibi mmoja jirani akafukuzwa kijiji. Mimi niliingia chumba kile na mama kusaidia kufagia, na jiko la mkaa lilikuwa pale pembeni ya kitanda, limejaa majivu. Nililiona. Sikuelewa mpaka nilipofika chuo cha uuguzi. Yule bibi alikuwa ameshafia ugenini.

Kwa hiyo nyinyi mnaopanga mageto huko mtaani, nazungumza na nyinyi hasa.

Swali la mwanafunzi: Mkaa ukishakolea vizuri, ukawa mwekundu bila moshi, si hauna madhara?

Hapana. Hilo ndilo linaloua. Moshi angalau unakukohoza ukatoka. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa monoksaidi nyingi sana.

Swali: Nikiacha dirisha wazi kidogo?

Kidogo ni kiasi gani? Huwezi kupima kwa macho, na usiku utalifunga kwa sababu ya baridi. Hata kulala chini sakafuni hakusaidii, hewa hiyo inachanganyika chumba kizima.

Swali: Tunasikia mtu akivuta hewa ya mkaa anapewa maziwa.

Hewa imeingia kwa mapafu, maziwa yanakwenda tumboni. Na mtu aliyelegea ukimnywesha kitu atapaliwa. Mtoe nje kwanza, mlaze ubavu, mkimbize hospitali kwenye oksijeni. Kwa hewa ya kawaida inachukua saa nne au tano nusu tu ya sumu itoke kwenye damu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja au moja na nusu. Na kama ni mjamzito, hata akisema amepona, aende, kwa sababu mtoto tumboni anaumia zaidi. Wewe unayeingia kumwokoa fungua mlango na madirisha, shika pumzi, toka naye haraka.

Swali: Maporomoko mliyaona?

(Kicheko.) Tulipumzika siku mbili, tukaenda. Kabla ya Milford kuna handaki linaitwa Homer, kilomita moja na robo ndani ya mwamba. Walianza kulichimba 1935, watu waliokosa kazi, kwa sururu na toroli, likafunguliwa kwa magari 1954. Theluji ya milimani iliwahi kuporomoka ikaua wafanyakazi pale, na mpaka leo wakiona hatari wanafunga barabara, na wakati wa baridi unabeba minyororo ya matairi. Tulipokuwa tunasubiri kuingia, kasuku wa kule aitwaye kea akatua juu ya gari akaanza kula mpira wa dirisha. Mtoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu usiku ule. Milford yenyewe ni mkono wa bahari kati ya kuta za mawe, na kwa mwaka mvua inapita milimita 6,000. Dar es Salaam ni kama 1,100. Maporomoko ya Bowen yanaanguka mita kama 160, ya Stirling kama 150, moja kwa moja baharini. Boti ilitupeleka karibu tukalowa. Wifi alishika mkono wangu njia nzima, hakusema neno.

Swali: Sasa sisi baridi hii tufanyeje usiku?

Chemsheni maji nje. Yaacheni yapoe kidogo, jazeni mpira wa maji ya moto, fungeni vizuri, uvikeni kitenge, uwekeni miguuni dakika kumi kabla ya kuingia kitandani. Soksi kavu, siyo zile za mchana zenye jasho. Kofia. Tandikeni kitu kizito chini ya godoro, maana baridi nyingi inatoka sakafuni. Na jiko mkimaliza kupika libaki uani. Kama mnaogopa wezi, mwagieni maji makaa yazimike kabisa kabla ya kuliingiza, kisha shikeni kwa mkono mhakikishe limepoa.