Mvua Haisubiri Rejesho



Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sinza nasi tuna Mto Ng'ombe, unaomwaga maji Msimbazi. Bahari ikijaa, maji hayo hutoka polepole. Na tabianchi inavyobadilika, mvua kubwa za ghafla zinaongezeka.

Mama ntilie akipoteza masufuria na unga, rejesho bado linamngoja. Akikopa kwingine alipe hapa, ndiyo kazama kabisa. Kwa hiyo tunaomba mawili: mfuko wa jamii usiguswe kwa sherehe, na aliyefurikiwa aongezewe muda kabla hajaja kutupigia magoti. Na taka mtoni jamani, basi!