Usikimbie kwa Pupa, Pima Mapigo

Msikilizaji unayejiandaa kwa mbio ndefu, kosa la wengi ni kukimbia kwa kasi kila siku. Kipima mapigo ya moyo kitakuzuia. Chukua 220, toa umri wako: mwenye miaka 40 hupata kilele cha mapigo 180 kwa dakika, ingawa hayo ni makadirio tu, watu hutofautiana sana. Kwa umri huo, mazoezi yako mengi yabaki chini ya mapigo 135 hivi, mwendo unaokuruhusu kuongea bila kuhema. Joto la Dar es Salaam au mwinuko wa Iten, Kenya, huyapandisha mapigo. Basi punguza mwendo. Mkanda wa kifuani huaminika zaidi kuliko saa ya mkononi. Huna kifaa? Simama, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mazoezi, nenda hospitali.