Mpaka Ashike Sikio

Mkuu wa chuo, walimu, wazazi mlioondoka Kiminini, Kimilili na Kapsokwony alfajiri ili mpate viti vya mbele, na nyinyi wahitimu wa fizio mnaotokwa jasho ndani ya majoho: mulembe!

Nimepewa dakika kumi. Aliyenialika ananijua, ndiyo maana akaniweka kabla ya chakula.

Kwanza nawapa pole. Kuanzia leo, katika kila harusi na kila matanga atatokea mjomba atakayekugeuzia mgongo akuulize, "Si ni wewe ulisomea masaji?" Nimeulizwa hivyo kwa miaka 30, kati ya Kitale na Bungoma. Zamani nilikasirika. Siku hizi namlaza mjomba mkekani, namkanda, kisha namtoza kuku.

Lakini sikuja kuzungumzia migongo. Nimekuja kuzungumzia kwapa la mtoto mmoja.

Ilikuwa Agosti 1994. Watu wa Bungoma wanajua: mwaka wa shufwa, mwezi wa Agosti, ni msimu wa tohara. Boma limejaa wageni, mafiga yako uani, chai inachemka kwenye sufuria za kulisha kijiji. Msichana wa miaka minne alikuwa akikimbia kuwafuata waimbaji. Chai ikammwagikia kutoka kwapa la kulia hadi kiwiko. Aliletwa hospitali ambayo sitaitaja, kwa kijana wa fizio mwenye miaka mitatu kazini na viatu vinavyong'aa. Kijana huyo ni mimi.

Nilichopaswa kufanya mnakijua, mmekifanyia mtihani. Mkono utengwe na ubavu, digrii 90, kiwiko kinyooke, gango lishikilie hapo mchana na usiku. Mtoto anakaa kama mtu anayesimamisha matatu. Nikatengeneza gango la plasta, zuri ajabu. Usiku ule akalia. Mama naye akalia. Asubuhi wodi nzima ikanitazama mimi. Siku ya pili nikalegeza bendeji. Siku ya tatu nikalitoa gango, nikaukunja mkono kifuani na kuufunga kwa kitambaa. Akalala. Mama akanibariki, wauguzi wakasema nina roho nzuri. Sijawahi kusifiwa wodini kama wiki ile.

Wahitimu, mkao unaomstarehesha mtoto aliyeungua ndio utakaomlemaza. Kidonda kikipona hujivuta, kingo zikitafutana. Kidevu hufuata kifua, goti hukunjika, vidole hujikunyata kiganjani. Mkono ukifungwa ubavuni, kovu litaushona hapohapo. Ngozi ya yule mtoto ilifunga vizuri, akaruhusiwa kwenda nyumbani, nami sikumpa mama yake hata tarehe ya kurudi.

Walirudi 1997. Wazee mnakumbuka tulivyopimwa kuingia darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili. Msichana aliambiwa ashike sikio. Mkono wa kulia haukufika hata begani. Kovu lilikuwa limetanda kutoka ubavuni hadi mkononi kama utando wa mguu wa bata. Mwalimu alikuwa mtu mwema. Alimwambia atumie mkono wa kushoto, akamwandikisha. Aliyeanguka mtihani ule ni mimi. Ilibidi mtoto apasuliwe, kovu lifunguliwe, apandikizwe ngozi, kisha mazoezi ya miezi mingi. Alitoa machozi mengi kuliko yale niliyodhani nimemwepusha.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nawaunga mkono nusu. Nusu ya pili siitaki, kwa sababu nimeona vijana wakiigeuza methali hiyo kuwa fimbo: mtoto anapiga mayowe, wao wanazidi kuvuta, wanajiita wenye msimamo. Kilio cha mtoto ni ripoti. Mara nyingi kinasema kwamba dawa ya maumivu haijatolewa. Nenda kwa muuguzi mapema, mpange saa: dawa itangulie, ishike, ndipo umguse mtoto. Mwaka wa 1994 ningeomba dawa, gango lingebaki mahali pake. Sikuomba kwa kuwa nilimwogopa sista. Watu waliiita huruma, nami nikakubali sifa hiyo. Ilikuwa woga.

Sasa lalamiko langu, maana mzee asipolalamika mtadhani ni mgonjwa. Faili la mtoto aliyeungua hutufikia siku anayofungashiwa kwenda nyumbani. Ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wa haraka: "Aonwe na fizio." Wakati huo kovu limeshaanza kukaza. Samaki hukunjwa angali mbichi. Huyu wetu hunyooshwa, lakini angali mbichi vilevile. Sheria ya fizio ya 2014 ilitupa baraza na leseni, nami nilishangilia. Hata hivyo, baraza halitakushika mkono likupeleke wodi ya watoto siku ya kwanza. Jipeleke. Usingoje kuitwa. Simama kando ya kitanda kila asubuhi mpaka wachoke kukushangaa. Na ukiwakuta wenzetu wa tiba ya kazi, wale mnaowaita OT, msigombanie nani afunge gango. Niliwahi kuona idara mbili zikiandikiana barua wiki mbili nzima juu ya jambo hilo, na kiwiko hakisomi barua.

Halafu kuna nyumbani. Kovu changa huendelea kujivuta mwaka mzima, hata miwili, na mtoto anakua huku kovu likikataa kukua naye. Muda wote huo hatakuwa na wewe. Atakuwa na kukhu wake, yaani bibi yake, huko Mlima Elgon, na nauli ya boda na matatu kila wiki ni unga wa nyumba nzima. Basi kukhu ndiye mwenzako wa kazi. Usimpe karatasi ukaagana naye. Mshike kidole gumba, mwonyeshe jinsi ya kulikanda kovu kwa mafuta, taratibu, kila siku, naye akufanyie ukiona ndipo aondoke. Na mazoezi usiyaite mazoezi. Vidole vikaze bano. Magoti yaruke blada. Kwapa lifuate pera lililo juu kidogo ya pale mkono unapofika leo. Kesho mchagulie tawi la juu zaidi.

Wazazi, msinikasirikie kwa hili. Vile vitambaa vya kufuma vinavyoning'inia mezani, chupa ya chai ikiwa juu yake, nina ugomvi navyo wa miaka mingi. Mtoto anayejifunza kusimama hutafuta kitu cha kushika, na kitambaa kimemfikia. Kwangu nilivihamishia vyote kwenye viti, mke wangu akaninunia kutoka Krismasi mpaka tukapanda mahindi. Viondoeni. Na ikitokea bahati mbaya, mtoto atiwe maji baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, kwa kutazama saa. Dawa ya meno ni ya meno, unga ni wa ugali, na yai mrudishieni kuku.

 

Tangu 1997, mtoto wa kwapa akiletwa kwangu naandika digrii kwenye faili kama mlivyofundishwa, kisha nafunika faili na kumwambia ashike sikio. Asiposhika, hajapona, hata kidonda kiwe kimefunga namna gani.

Wahitimu, simameni. Mkono wa kulia upite juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Wewe wa safu ya pili, vua hiyo kofia. Tazamaneni. Ndicho nilichomnyima yule msichana kwa miaka mitatu.

Ketini. Chakula kiko tayari. Ila chai, naomba iwekwe katikati ya meza.