Mpiga Piano wa Mkono Mmoja



Septemba 1914 Wajerumani walivuka Songwe, hapa jirani, wakapigana na Waingereza Karonga. Mwezi uliotangulia, vita hivyo hivyo vilimnyang'anya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna, mkono wake wa kulia. Akiwa mateka wa Warusi huko Omsk, alifanya mazoezi kwa kugonga sanduku la mbao kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1932 alipiga mjini Vienna tungo alilomwagiza Maurice Ravel, la mkono huo mmoja. Baadaye alifundisha Marekani, akafariki huko 1961.

Vijana, kitabu kimoja kikisomwa na watano, msikate tamaa. Nasi tuliotangulia tusijifiche nyuma ya mfano huu: tuchangie vitabu.