Deni Baada ya Kengele

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko Arua, Koboko na vituo vingine vya West Nile,

Masumbwi na kambi za askari ni marafiki wa siku nyingi. Katika miaka ya 1950 bingwa mmoja wa Uganda alikuwa askari wa King's African Rifles, Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko. Yaliyofuata yajulikana, nayo yatufundisha kwamba ngumi isiyotawaliwa na nidhamu ni msiba kwa taifa. Lakini leo twazungumzia wanawake.

Mwaka 2015 ilitolewa filamu ya maisha halisi iitwayo T-Rex. Yaeleza habari za Claressa Shields, binti wa mji wa Flint, Marekani, ambaye mwaka 2012, mjini London, alitwaa medali ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 17. Hiyo ndiyo mara ya kwanza wanawake kushindania medali za masumbwi katika Michezo ya Olimpiki. Filamu haikomi pale medali inapovikwa shingoni. Yamfuata bingwa hadi nyumbani, ambako umaskini ulikuwa ukimngoja, wala kampuni za biashara hazikumkimbilia.

Afrika Mashariki tunao wa kwetu. Conjestina Achieng wa Kenya alimshinda Fiona Tugume wa Uganda mwaka 2004, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la masumbwi. Baadaye aliugua, na jina lililokuwa likishangiliwa likaanza kutajwa kwa huruma. Hapa Uganda, Catherine Nanziri alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi katika masumbwi ya Olimpiki, mjini Tokyo, mwaka 2021. Alishindwa katika pambano lake la kwanza, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Ndugu askari, ninyi mwayaelewa haya kuliko raia wengi. Mwajua maana ya kuutoa mwili kwa ajili ya bendera, na mwajua hofu ya siku ile mtu anapovua sare. Basi binti akija kambini kuomba kufunzwa, asichekwe. Apimwe afya, apewe glavu zinazomfaa, na apambanishwe na aliye sawa naye kwa uzito. Tena afundishwe, pamoja na wanaume, kwamba ngumi ni ya ulingoni: haina kazi nyumbani, wala mbele ya raia asiye na silaha.

Na siku atakapotundika glavu, tusimlipe shukrani ya punda. Kengele ya mwisho humaliza pambano. Deni la taifa kwa aliyelipigania haliishi kwa kengele.